Askari wa Barabarani Aliyejua Kusikiliza

Askari wa barabarani anapotajwa, wengi wetu hukumbuka filimbi, pikipiki yenye king'ora na kijitabu cha kuandikia makosa. Ni nadra kumfikiria kuwa mtu awezaye kusimama katika upepo wa baridi kwa saa moja na nusu, bila kuamuru wala kukemea, akimsikiliza mtu asiyemjua. Leo tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za Kevin Briggs, sajini mstaafu wa kikosi cha doria ya barabara kuu katika jimbo la California, Marekani. Sifa zake hazikutokana na wahalifu aliowakamata, bali na watu waliokuwa wamekata tamaa ambao aliwarudisha katika uhai.

Maisha ya Briggs mwenyewe hayakuwa mteremko. Alilitumikia jeshi la nchi yake, na akiwa bado kijana alipatwa na ugonjwa wa saratani, akatibiwa, akapona. Baadaye alikuwa askari wa magereza, na miongoni mwa magereza aliyofanyia kazi ni lile mashuhuri la San Quentin. Mwaka 1990 akajiunga na kikosi cha doria, ambako alikuja kuwa askari wa pikipiki.

Miongoni mwa sehemu alizopangiwa kulinda ni daraja la Golden Gate, liunganishalo mji wa San Francisco na wilaya ya Marin. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1937, na sehemu yake ya kati, baina ya minara miwili, ina urefu wa mita 1,280. Wageni hutoka pande zote za dunia kulitazama. Lakini uzuri huo una huzuni yake, kwani tangu miaka ya mwanzo watu waliolemewa na dhiki wamelifanya kuwa mahali pa kujitoa uhai. Hivyo askari aliyetumwa kuangalia mwendo wa magari alijikuta akikabiliana na jambo zito kuliko magari.

Briggs amesimulia kwamba hapo mwanzo hakuwa amefundishwa namna ya kuzungumza na mtu wa namna hiyo. Ilimbidi ajifunze kazini. Alijifunza kutokuja kwa vishindo, kujitambulisha kwa upole, na kumwuliza mtu hali yake. Kisha alimwuliza ana mipango gani ya kesho. Ikiwa yule mtu hana mpango wowote, basi walijaribu kuupanga pamoja. Swali hilo ni dogo, lakini aliyeweza kuitaja kesho alikuwa amekwisha kuirudia dunia kwa hatua moja.

Mwezi Machi mwaka 2005 alimkuta darajani kijana wa miaka 22, Kevin Berthia. Binti yake alikuwa amezaliwa kabla ya miezi kutimia, na deni la hospitali lilikuwa kubwa kupita uwezo wake. Zaidi ya hayo, alikuwa amebeba majonzi ya tangu utotoni. Mazungumzo yao yalichukua dakika 92, na sehemu kubwa ya muda huo askari alinyamaza na kijana akasema. Mwishowe Berthia alikubali kurudi. Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kijana yule aliishi, akawa baba wa watoto wengine, na baadaye akawa msemaji wa hadhara anayewatia moyo wenzake. Mwaka 2013 walikutana tena mjini New York, ambako yeye ndiye aliyemkabidhi Briggs tuzo ya heshima. Alipoulizwa ni kitu gani kilichomrudisha, alisema kwamba askari yule alimsikiliza.

Je, mtu aliyezuiwa leo hatarudia kesho? Swali hilo lilichunguzwa na Richard Seiden wa Chuo Kikuu cha California. Mwaka 1978 alitangaza matokeo ya kufuatilia habari za watu 515 waliozuiwa darajani hapo kati ya mwaka 1937 na 1971. Aliona kwamba kiasi cha watu 94 katika kila mia walikuwa bado hai, au walikwisha kufa kwa sababu za kawaida. Maana yake ni kwamba dhoruba ya moyo, hata iwe kali namna gani, hupita. Anachohitaji mtu ni kuvushwa katika saa ile.

Inakadiriwa kwamba Briggs alisaidia kuwarudisha zaidi ya watu 200. Wawili hakuweza kuwaokoa, na hao hajawasahau. Mwaka 2013 alistaafu baada ya utumishi wa miaka 23, akaanza kuzunguka akizungumzia afya ya akili, wala hakuficha kwamba yeye mwenyewe amewahi kuonja huzuni hiyo na kwamba babu yake alijiua. Mwanzoni mwa mwaka 2024 ilimalizika kazi ya kutandaza wavu wa chuma pande zote mbili za daraja, ili kuokoa maisha hata pale ambapo hakuna askari karibu.

Nasi tuna la kujifunza. Tumezoea kumwambia kijana aliyeelemewa, "Jikaze, mwanamume halii," kisha tukaenda zetu tukidhani tumemsaidia. Huenda alikuwa akitafuta mtu wa kumweleza tu, kabla ya kupelekwa kwa mganga au kwa wazee. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kumfaa mwenzio si lazima iwe kwa fedha. Ndugu msomaji, ukimwona jirani yako amenyamaza kupita kawaida yake, vuta kigoda, uketi naye, umwulize habari za kesho.