Kiyoyozi Kisipopoza, Usikimbilie Gesi

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi na mjomba wangu tulichelewa kuuliza, na kuchelewa huko kulitutoa pesa na nusura kutukoseshe mteja. Ndiyo maana nimeshika kalamu nikueleze jinsi kiyoyozi cha gari kinavyofanya kazi, na la kufanya kinapokataa kupoza.

Mjomba huendesha teksi mjini Mombasa, na karo yangu hutoka humo. Likizo ya Desemba iliyopita nilikuwa nikimsaidia kuosha gari na kubeba mizigo ya abiria. Miongoni mwa wateja wake yumo bibi mmoja mkongwe wa Likoni ambaye figo zake zimechoka. Mara mbili kila wiki mjomba humvusha kwa feri hadi hospitalini kusafishwa damu. Wanawe walimchagua mjomba kwa sababu gari lake lina kiyoyozi.

Siku moja tulikuwa kwenye foleni ya feri, jua la utosi, mara kiyoyozi kikaanza kupuliza hewa ya moto. Bibi akalegea, jasho likamtiririka. "Mwanangu, nifungulie dirisha, pumzi zanikatika," akaniambia. Niliingiwa na hofu isiyo kifani. Jioni mwanawe akapiga simu: gari lisipopoza, atatafuta teksi nyingine.

Mjomba akakimbilia kwa fundi wa karibu. Huyo hakuuliza neno wala hakupima kitu. "Gesi imekwisha hiyo," akasema, akajaza, akalipwa. Siku mbili baadaye, joto likarudi pale pale kwenye foleni. Akaongeza tena. Lo! Sasa hata kwenye barabara ya Mtwapa, ambako zamani tulikuwa tukisikia baridi, hewa ikawa vuguvugu.

Kabla sijaendelea, yafaa tujue baridi hutoka wapi. Wengi wetu hudhani kiyoyozi hutengeneza baridi. La hasha! Kazi yake ni kuhama na joto kutoka ndani ya gari na kulitupa nje. Gesi iliyomo katika magari mengi barabarani kwetu huitwa R-134a. Ikiwa haijashinikizwa, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sufuri. Nyuma ya dashibodi mna kifaa kiitwacho evaporeta. Humo gesi huingia ikiwa majimaji, ikachemka na kunyonya joto la hewa inayopita. Kompresa, ambayo katika magari mengi huzungushwa na mkanda wa injini, huivuta na kuikandamiza mpaka kwenye kondensa, iliyo mbele ya redieta. Hapo upepo hulichukua lile joto, gesi ikawa majimaji tena na safari ikaanza upya.

Naam, mzunguko huo umefungwa. Gesi hailiwi kama petroli. Ikipungua sana, ujue kuna mahali inavuja. Kuongeza gesi bila kuziba tundu ni kutia maji kwenye gunia.

Turudi kwa mjomba. Rafiki yake alimwelekeza kwa mzee mmoja wa jua kali. Mzee huyo hakugusa spana. Aliuliza tu: "Kabla hamjaanza kuongeza gesi, joto lilikuja lini? Gari likienda au likisimama?"

"Likisimama, mzee wangu. Likienda lilikuwa sawa," mjomba akajibu.

"Basi ushanipa jibu."

Akafungua boneti, akawasha injini na kiyoyozi. Kumbe feni ya kondensa haizunguki! Alipoiunga moja kwa moja na betri, ikakaa vile vile. Mota ilikuwa imeungua. Gari likienda, upepo wa safari ulifanya kazi ya feni. Kwenye foleni hapakuwa na upepo, joto likakosa pa kwenda. Kisha akafunga geji, akatuonyesha kwamba shinikizo limepita kiasi. Gesi tuliyoilipia mara mbili ilikuwa imezidi, na ikizidi nayo huzuia kupoa. Aliivuta kwa mashine hadi kwenye mtungi, akarudisha kipimo kinachotakiwa, akaosha kondensa na kufunga feni nyingine.

Ndugu msomaji, dalili husema. Nilizoziandika kwa mzee huyo ni hizi:

Kwanza, hewa ikitoka kidogo lakini ni baridi, tazama filta ya hewa ya ndani. Huenda imejaa vumbi. Mara nyingi hukaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi.

Pili, hewa ikitoka kwa nguvu lakini ni ya joto, angalia kama kompresa inashika. Huenda fyuzi imekatika, klachi imekufa, au gesi imepungua hata swichi ya shinikizo ikaizuia kompresa.

Tatu, baridi ikianza vizuri kisha hewa ikafifia, yamkini evaporeta imeganda barafu.

Nne, ukiona mafuta mafuta kwenye maungio ya mabomba, shuku uvujaji, kwani mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Povu la sabuni huweza kukuonyesha tundu.

Tano, maji yakidondoka chini ya gari siku ya joto, usitaharuki. Huo ni unyevu wa hewa uliogeuka maji. Ni jambo la kawaida.

Hata hivyo, tahadhari kabla ya hatari. Usifungue mabomba mwenyewe. Gesi ikikurukia huunguza ngozi na macho kwa baridi. Usitie mkono karibu na feni, maana huweza kuanza ghafla. Tena gesi isiachiliwe hewani. Ile ya zamani, R-12, ilipigwa vita na Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuharibu ozoni. Hii R-134a haili ozoni, lakini kilo yake moja hupasha dunia joto zaidi ya kilo elfu moja za hewa ya kaboni tunayoitoa puani.

Wiki iliyofuata tulikuwa tena kwenye foleni ya Likoni, jua lile lile. Bibi alijifunika leso mabegani, akanigusa. "Mwanangu, mwambie mjomba'ko apunguze. Hapa pashakuwa Limuru."

Mjomba alicheka mpaka feri ikafika. Nami nikajifunza kwamba fundi wa kweli huanza kwa swali. Ukipeleka gari kwake, nawe nenda na majibu: linapoza lini, na linakataa lini?