Maeneo ya Kihistoria Mombasa: Mchango wa Mkazi Unaanzia Wapi

Abiria wengi wanaovuka daraja la Nyali humwambia utingo awashushe Kengeleni. Jina hilo limetokana na kengele ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Inasimuliwa kwamba ilipigwa kuwatahadharisha watu majahazi ya wauza watumwa yalipoonekana. Kengele ingalipo, lakini habari nyingi za mahali hapo zimo vichwani mwa wazee na katika makaburi ya familia.

Ndiyo maana maoni ya wakazi yanahitajika. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011, inajulikana na kila mtu. Kisima cha mtaa au mbuyu uliokuwa ukifanyiwa matambiko hujulikana na wanaoishi karibu nao tu.

Katiba imezipa kaunti shughuli za utamaduni na makavazi. Maeneo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yamebaki kwa serikali ya kitaifa. Chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006, waziri hutangaza eneo kuwa la kuhifadhiwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, baada ya kushauriana na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Asiyekubali ana nafasi ya kuwasilisha pingamizi.

Hofu kubwa, hasa Mji wa Kale, ni umiliki. Tangazo peke yake halimnyang'anyi mwenye nyumba hatimiliki; ataendelea kuishi humo au kupangisha. Asichoweza ni kubomoa au kubadilisha jengo bila idhini. Na kweli, kukarabati mlango wa nakshi, boriti na kuta za chokaa ni ghali kuliko kupiga saruji. Hoja hiyo ni ya haki, na mahali pake ni kwenye kikao cha maoni, si baada ya nyumba kubomolewa usiku.

Mwenye pendekezo anaweza kuanzia kwa msimamizi wa wadi, au kuwasilisha ombi rasmi kwa kaunti chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Aeleze mahali palipo, kilichotokea hapo na wanaopatumia sasa, na aambatishe picha. Nambari ya ploti ikijulikana iandikwe, kwa kuwa majina ya mitaa hubadilika.