Hofu ya Saratani Kurejea Ipewe Siku Yake

Wahenga walinena kuwa aliyetafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hii tumeifundisha miaka nenda miaka rudi, tukaitungia maswali ya mtihani na kuwatuza alama wanafunzi walioieleza vyema. Hata hivyo, yapo mambo ambayo methali hiyo haiyasemi. Haisemi mtu huyo aishi vipi katika nchi iliyojaa nyasi. Wala haisemi lolote kuhusu mwanawe aliyekuwapo siku ile, ambaye nyoka hakumgusa, lakini naye tangu hapo hushtuka kila jani linapotikisika.

Mimi ni mmoja wa wana hao. Mnamo mwaka 2022 mamangu, mkulima wa Wundanyi katika milima ya Taita, alikwenda zahanati kupimwa shinikizo la damu. Alipoketi kuvua viatu ili apande kwenye mizani, muuguzi aliliona doa katika wayo wa mguu wake wa kushoto. Upande mmoja wa doa hilo ulikuwa mweusi tititi, upande wa pili rangi ya kahawia, na kingo zake zilikuwa zimepindapinda. Mama alidhani ni alama iliyoachwa na mwiba. Muuguzi hakuridhika, akamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Huko alidungwa sindano ya ganzi, kikakatwa kipande cha ngozi na kupelekwa maabara. Majibu yaliporudi yalikuwa na jina ambalo hakuna hata mmoja wetu nyumbani aliyekuwa amewahi kulitamka: melanoma, saratani ya ngozi, hatua ya kwanza.

Mshangao wetu ulikuwa ule ule ambao huenda umekupata wewe msomaji. Je, saratani ya ngozi si maradhi ya Wazungu waotao jua? Ni kweli kwamba melanini, ile rangi inayotupa weusi wetu, hutukinga kwa kiasi kikubwa na miale ya jua. Lakini melanoma inapomshika mtu mweusi, aghalabu huanzia mahali ambapo jua halifiki: katika nyayo, katika viganja na chini ya kucha. Mwanamuziki Bob Marley wa Jamaika aligunduliwa kuwa nayo chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu mwaka 1977. Alifariki dunia mjini Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36. Zaidi ya hayo, ziko saratani nyingine za ngozi ambazo huota katika kovu la moto au kidonda kilichokaa miaka bila kupona, na zile zinazowaandama wenzetu wenye ualbino kwa sababu ya jua. Ngozi nyeusi ina kinga, lakini haina hati ya kusamehewa.

Mama alibahatika. Tangu mwaka 1970, daktari Mmarekani Alexander Breslow alipoonyesha kwamba hatari ya melanoma hutegemea sana unene wake, wataalamu hupima kwa milimita jinsi ilivyozama katika ngozi. Ya mama ilikuwa na unene wa milimita 0.6, na juu yake hapakuwa na kidonda. Alipasuliwa, doa likaondolewa pamoja na sentimita moja ya ngozi nzima kulizunguka pande zote. Hakuhitaji dawa za sumu wala miale. Daktari alitueleza kuwa, kwa saratani iliyowahiwa mapema namna hiyo, zaidi ya watu 9 kati ya 10 huwa wangali hai miaka mitano baadaye.

Hapo ndipo shida ninayotaka kuizungumzia ilipoanzia. Mwalimu wa hisabati ataliona jambo hili kuwa dogo: tisa ni wengi, mmoja ni mchache. Mtoto wa mgonjwa hahesabu hivyo. Tisa hawaoni kabisa. Humwona yule mmoja, na huyo mmoja ana sura ya mamake. Nilimwuliza daktari kama mama amepona. Hakusema ndiyo wala la. Alisema, "Kwa sasa hatuoni dalili yoyote ya saratani." Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na kwa sababu yalikuwa ya kweli hayakunipa usingizi.

Ukweli wenyewe ni huu. Melanoma yaweza kurejea karibu na kovu la upasuaji. Yaweza kujitokeza katika tezi za kinena, mahali tunapopata mtoki tukijikwaa. Yaweza kuibukia mbali zaidi: katika mapafu, ini, mifupa au ubongo. Mara nyingi hurejea katika miaka michache ya mwanzo, lakini wapo ambao imewarudia baada ya miaka kumi na zaidi. Isitoshe, mtu aliyewahi kuipata yumo katika hatari kubwa kuliko wengine ya kuota doa jingine jipya. Kwa hivyo anayeogopa hana wazimu. Hofu yake ina msingi, na haifai kumwambia ati aache kufikiri.

Lakini hofu isiyo na mipaka ni mgeni mbaya: humkaribisha sebuleni, kesho ukamkuta jikoni. Watafiti wamebaini kwamba jamaa wa mgonjwa huweza kuhofia kurejea kwa saratani kiasi kile kile cha mgonjwa mwenyewe, au hata kumzidi. Kwetu sisi ilikuwa hivyo. Mama akikohoa, simu zinapigwa Nairobi na Mombasa. Akisema amechoka, mtu anauliza amechoka vipi. Dadangu alipendekeza mama ahamie kwake mjini na lile shamba likodishwe, asije akakanyaga jiwe na kulitonesha kovu. Mama alitusikiliza sote, kisha akasema kwa upole, "Wanangu, daktari aliniondolea doa. Nyinyi msiniondolee shamba." Akaongeza kuwa siku hizi hapati mtu wa kumpigia simu amwulize habari za mbuzi, kila anayepiga ataka habari za mguu.

Maneno hayo yalitufungua macho kuhusu jambo lililokuwa hatarini. Saratani ilikuwa imekwisha kuondolewa katika wayo, lakini sisi tulikuwa tukikaribia kumpokonya mama maisha aliyookolewa ili ayaishi. Tukaketi naye, si kumjadili bali kujadiliana naye, tukaafikiana hivi. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi itakuwa siku ya mguu. Baada ya kutoka kanisani na kula, mama huketi mlangoni penye mwanga, na mmoja wetu au jirani aliyemchagua mwenyewe huutazama wayo, vidole na nafasi kati yake, kucha zote, viganja, kovu na ngozi iliyolizunguka. Yeye mwenyewe hupapasa kinena. Kuna doa jipya? Kuna lililobadilika rangi, umbo au ukubwa? Kuna uvimbe, au kidonda kisichopona? Likiwapo jambo, daktari hupigiwa simu kesho yake. Lisipokuwapo, mguu hautajwi tena hadi mwezi ujao, na anayetaka kupiga simu sharti aanze na mbuzi.

Miadi ya hospitali nayo haina mjadala. Kwa melanoma ya hatua hii, daktari huhitaji kumwona mgonjwa kila baada ya miezi 6 hadi 12 kwa miaka mitano ya mwanzo, na baadaye mara moja kwa mwaka. Nauli ya kutoka Wundanyi hadi Voi, na kutoka Voi hadi Mombasa, huchangwa mapema, kwa maana miadi mingi huvunjwa na nauli kuliko na uzembe. Kakangu alitaka mama apigwe picha za mwili mzima kila mara ili tutulie. Daktari alimweleza kuwa mtu wa hatua ya kwanza asiye na dalili kwa kawaida hapigwi picha hizo. Huweza kuonyesha vivuli visivyo na maana, vikazaa vipimo vingine na gharama nyingine, bila kumwongezea mgonjwa siku. Picha haiwezi kutuliza moyo kwa zaidi ya wiki moja; jicho linalojua linachokitafuta lina faida kubwa zaidi.

Wapo watakaosema kuwa haya yote ni kukosa tawakali. Jirani mmoja alituonya kwamba kulitazama na kulitaja ni kuliita. Namheshimu, lakini ninamwuliza: yule muuguzi wa zahanati aliliita, au aliligundua? Angaliangalia kando kwa kuchelea kuliita, milimita 0.6 zingekuwa ngapi leo? Wapo wengine, upande wa pili, wanaodhani kwamba mapenzi hupimwa kwa wingi wa wasiwasi, na kwamba mtoto anayecheka ilhali mzaziwe aliwahi kuugua saratani hana utu. Hao nao wamekosea. Kupuuza humnyima mzazi kesho yake. Wasiwasi wa kila saa humnyima leo yake.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nami nimepata faraja katika neno moja la lugha yangu. Kupona kwa Kiswahili kuna maana mbili. Maana ya kwanza ni kutokwa na ugonjwa. Ya pili ni kusalimika, kama tunavyosema kuwa abiria fulani alipona katika ajali. Katika maana ya kwanza, daktari ana haki ya kusitasita. Katika maana ya pili, mama amepona bila shaka yoyote. Na mtu aliyepona katika ajali hakuahidiwa na yeyote kuwa hapatakuwa na ajali nyingine. Hata hivyo hufunga mkanda, akapanda matatu, akaenda sokoni.

Ndugu walimu, yapo mawili mnayoweza kuyafanya bila kungoja waraka kutoka wizarani. Mnapofundisha habari za ngozi, waambieni wanafunzi kuwa saratani hii ina njia yake katika mwili wa Mwafrika, na kwamba njia hiyo hupitia nyayo na kucha. Waelezeni pia kuwa mistari myeusi katika kucha ni jambo la kawaida kwetu na mingi haina madhara, ila mstari mmoja mpya unaopanuka, au weusi unaovuka ukucha na kuingia katika ngozi, lazima uonyeshwe daktari. Na mkiwa na mwanafunzi mwenye ualbino, mruhusuni avae kofia pana na mikono mirefu hata kama sare ya shule haisemi hivyo.

Nawe mwanafunzi ambaye mzazi wako ametoka hospitali hivi karibuni, huenda unasoma haya huku moyo ukikudunda. Usijilazimishe kutoogopa. Mwulize mzazi wako ni siku gani angependa mwangaliane, muiandike kwenye kalenda, muitimize. Siku ya pili yake mwulize habari za shamba, za kazi, za ujana wake. Mwulize mambo ambayo angekuambia hata kama ugonjwa huo usingaliwahi kuingia katika nyumba yenu.