Kwa Nini Kampuni ya Mkonge Hupata Faida?

Ndugu mkulima, ukisafiri kutoka Voi kwenda Taveta, pale Mwatate utaona mkonge umepandwa kwa mistari mpaka macho yachoke. Huenda umejiuliza: kama mmea huu wastawi katika nchi kavu namna hii, mbona nisiupande nami katika ekari zangu za skimu nipate mali kama kampuni? Swali ni zuri. Tulitazame kwa hesabu.

Mgeni aweza kununua mazao yetu bandarini akaenda zake. Au aweza kuleta fedha zake na kuzitia humu humu nchini, katika ardhi, mashine na nyumba za wafanyakazi. Njia hii ya pili huitwa uwekezaji wa moja kwa moja, nayo ndiyo iliyoleta mkonge kwetu. Asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kwa ajili ya kampuni ya Kijerumani, katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Iliyofika hai ikapandwa ni 62 tu.

Basi nguvu ya kampuni iko wapi? Haiko katika jani. Kilo 100 za majani mabichi hutoa kilo 4 hivi za katani kavu. Mengine yote ni maji na makapi. Ukipakia majani yako katika lori kutoka Taveta hadi kiwanda cha Mwatate, umelipa nauli ya maji! Tena jani lililokatwa halingoji. Likikauka, nyuzi hazitoki vizuri. Ndiyo sababu kampuni huweka shamba, mashine na maji mahali pamoja. Na mkonge hukaa miaka 3 hivi kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Mwenye mtaji aweza kungoja, lakini karo ya shule haingoji.

Hata hivyo kampuni nazo huanguka. Kamba za plastiki zilipoenea tangu miaka ya 1960, bei ya katani ilishuka, na mashamba mengi ya Kenya na Tanzania yakafungwa.

Kwa hiyo ikija kampuni kutaka ulime mkonge kwa mkataba, uliza mashine itasimama umbali gani na shamba lako, nani atalipa lori, na bei ikianguka itakuwaje. Ikitaka kukodi ardhi, kumbuka Katiba ya 2010: asiye raia hupewa ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99, na kampuni yenye hata mwenye hisa mmoja wa kigeni huhesabiwa kuwa si raia. Kama mkopo wa skimu haujaisha, peleka karatasi hiyo ofisi ya ardhi isomwe kabla hujatia sahihi.