Bustani ya Uhuru: Kwa Nini Tuliachwa Nje ya Mabati?



Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwaka 2021. Najua baadhi ya wasomaji watauliza, mwalimu wa shule ya msingi huko Mwala ana haja gani na bustani ya Nairobi? Nawaomba wanivumilie kidogo.

Katika ofisi ya walimu shuleni kwetu kuna picha sita zilizotiwa fremu. Kila picha ni ya wanafunzi wa darasa la saba wa mwaka wake, wamesimama mbele ya lile ziwa dogo la bustani ya Uhuru, wafupi mbele na warefu nyuma, nami pembeni nimevaa koti lile lile. Ya kwanza ni ya mwaka 2014 na ya mwisho ni ya 2019. Wanafunzi wetu wengi walikuwa hawajawahi kuona ghorofa kabla ya siku hiyo. Wazazi walichanga pesa kidogo kidogo tangu mwanzo wa mwaka, wengine wakileta kuku au debe la pojo badala ya pesa, ili mtoto naye aende Nairobi akapande mashua.

Mpiga picha hizo zote ni kaka yangu mkubwa. Alifanya kazi hiyo bustanini kwa miaka kumi na minane, tangu 2003. Karo yangu ya chuo cha ualimu ilitoka shingoni mwake, maana hapo ndipo kamera yake ilipokuwa ikining'inia kutwa. Kwa hivyo mtu akiniambia kuwa bustani ni mahali pa kupumzikia tu, mimi huona hajui asemalo. Wako waliopumzika pale, na wako waliolima pale, kama sisi tulimavyo shamba.

Bustani hiyo, yenye ukubwa wa karibu hekta 13, ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta tarehe 23 Mei, 1969. Haina mwenyewe isipokuwa wananchi. Saa za mchana ungewakuta makarani wakila chakula chao walichofunga nyumbani, wahubiri na Biblia zao, vijana waliotembea tangu alfajiri wakitafuta kazi na sasa wamejilaza nyasini viatu vikiwa chini ya kichwa visiibwe. Jumamosi walikuja maharusi. Jumapili walikuja wazazi na watoto, na wageni kutoka mashambani kama sisi, ambao ndio hasa waliompa kaka yangu riziki, kwa sababu mtu wa mjini siku hizi hujipiga picha mwenyewe kwa simu.

Nikiri kwamba bustani ilikuwa imechakaa. Maji ya ziwa yalinuka, vyoo vilikuwa vya aibu, na jioni ikiingia ilikuwa afadhali uzunguke mbali kuliko kukatiza hapo na mkoba. Mwaka 2018 mwalimu mwenzangu aliibiwa saa na simu mbele ya wanafunzi wetu. Kaka mwenyewe alikuwa akilalamika kila mwaka kwamba nyasi zimekuwa vumbi na picha hazipendezi. Basi habari ya kuikarabati ilipotokea, hakuna aliyefurahi kumshinda yeye.

Mwishoni mwa Septemba 2021 bustani ilifungwa, pamoja na ile ya Central Park iliyo ng'ambo ya Kenyatta Avenue. Kaka anasema alisikia redioni usiku, na alipofika na mkoba wake alikuta mlango umefungwa na askari amesimama. Alimwuliza askari kazi ingechukua muda gani. Askari akamjibu kwa upole, "Mzee, hata mimi nimeambiwa nisimame hapa tu." Mabati yakazungushwa. Kaka alirudi siku ya pili, na ya tatu, na wiki nzima, akidhani pengine wangepewa pahali pa kusimama kwa muda. Hakupata wa kumwuliza.

Februari 2022 nilikwenda Nairobi kumsaidia kuhama chumba chake, kwa maana kodi ilikuwa imemshinda. Safari yenyewe ilinifunza mengi. Wakati huo barabara ya juu kutoka Mlolongo mpaka Westlands, kilomita 27, ilikuwa bado inajengwa, na Mombasa Road yote ilikuwa vumbi, nguzo na mashine. Kutoka Mlolongo hadi mjini tulitumia saa mbili na nusu. Nauli ilikuwa imepanda, na makanga alipoulizwa alionyesha dirishani kwa kidole bila kusema neno. Mama mmoja mzee aliyekuwa akienda kliniki, na tayari amechelewa, aliuliza, "Hii barabara wanamjengea nani?" Kijana aliyeketi mbele akamjibu, "Vumilia, nyanya, ikiisha tutaruka kama ndege." Abiria wengine wakacheka. Yule nyanya hakucheka.

Barabara ile ilianza kutumika Mei 2022, na siwezi kusema uongo, ni kazi kubwa na mwenye haraka ya kwenda uwanja wa ndege amepata nafuu. Lakini Januari 2024 ada ya gari dogo kwa safari nzima ilipanda kutoka shilingi 360 hadi 500. Matatu yetu hupita chini. Kila nikisafiri humkumbuka yule nyanya, nikaona swali lake halikuwa la ujinga.

Tuliposhuka mjini, kaka alitaka twende tukaione bustani kabla ya kuchukua vitu vyake. Tulitembea kando ya mabati. Hapa na pale watu walikuwa wametoboa matundu ya kuchungulia, nasi tukachungulia. Udongo mwekundu ulikuwa umefukuliwa, na pale ambapo kaka alizoea kuwasimamisha wateja wake hapakuwa na kivuli tena. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, kama wangetuambia ni mwaka mmoja, ningejua ni mwaka mmoja."

Nimelifikiria sana neno hilo. Hakulalamika kwamba bustani imefungwa, wala hakudai fidia. Alilalamika kwamba aliwekwa kungoja bila kuambiwa mwisho wa kungoja. Mkulima hustahimili kiangazi kwa sababu anajua miezi yake.

Palepale nje tulimkuta mama mmoja muuza njugu ambaye walikuwa wakifahamiana. Yeye alikuwa amehamia kituo cha basi, na huko alikuwa akikimbizwa na askari wa jiji mara mbili kwa siku. Alisema mjukuu wake aliacha shule ya malipo tangu Novemba. Bwana mmoja aliyevaa tai, karani nadhani, alisimama akatusikiliza, kisha akasema kwa ukali kwamba sisi tunapenda uchafu, na kwamba miji ya wenzetu haijengwi kwa kuwabembeleza wachuuzi. Yule mama akamwuliza, "Na wewe, siku hizi wala wapi chakula chako?" Yule bwana akakiri kwamba anakula amesimama katika ngazi za ofisi yao. Tulicheka wote wanne, naye akanunua njugu za shilingi ishirini.

Baadaye tulikwenda Jeevanjee Gardens tupumzike, tukakuta viti vyote vimejaa na watu wameketi hata kwenye mizizi ya miti. Bustani hiyo ndogo nusura igeuzwe maegesho ya magari mwaka 1991, ikaokolewa na kelele za wananchi wakiongozwa na Bi. Zarina Patel, mjukuu wa Mzee Jeevanjee aliyeitoa. Isingalikuwa yeye, sijui watu wale wangeketi wapi siku ile.

Na bustani ya Uhuru yenyewe iko hapo kwa sababu ya barua. Mwaka 1989, mwaka niliozaliwa mimi, ilipangwa kujengwa humo jumba la ghorofa 60. Profesa Wangari Maathai akaandika barua kwa wakuu wa hapa na wa nchi za nje, akiuliza maswali ambayo hakuna aliyetaka kuyajibu. Alitukanwa hata Bungeni. Lakini wafadhili walisita, na jumba halikujengwa. Miaka thelathini baadaye, 2019, watu walipopiga kelele kwamba barabara ya juu ingemega sehemu ya bustani, Serikali ilitangaza kuwa ramani itabadilishwa. Novemba 2020 mti wa mugumo ulioko Waiyaki Way, ambao ulikuwa ung'olewe kupisha barabara hiyo hiyo, uliokolewa kwa amri ya Rais. Kwa hivyo wanaosema kwamba kuwauliza wananchi kunachelewesha maendeleo hawana ushahidi. Wananchi waliposikilizwa, barabara ilijengwa na mti ukabaki.

Liko jambo jingine ambalo huwafundisha wanafunzi wangu katika somo la uraia. Katiba yetu ya sasa ilitangazwa rasmi na Rais Mwai Kibaki katika bustani hiyo hiyo, tarehe 27 Agosti, 2010. Kaka alikuwapo, akapiga picha mpaka betri zikamwishia. Kifungu cha 10 cha Katiba hiyo kinataja ushiriki wa wananchi kuwa moja ya maadili ya taifa, na kifungu cha 69 kinaitaka Serikali ihimize wananchi washiriki katika kutunza mazingira. Maneno hayo yalitiwa sahihi juu ya nyasi zile. Nashangaa kwamba nyasi zilipofukuliwa, wale waliokuwa wakizikanyaga kila siku hawakuwa na mtu wa kuketi nao hata nusu saa.

Ningewaomba wakuu wanaohusika na kazi za namna hii, si Nairobi tu bali hata katika miji midogo ambako sasa masoko na vituo vya magari vinavunjwa na kujengwa upya, walifikirie jambo moja dogo. Bustani zile ni mbili, na barabara imepita katikati. Ingewezekana kufunga moja, ile nyingine ibaki wazi, halafu kubadilishana. Wachuuzi na wapiga picha wangevuka barabara tu. Na kwenye mabati, badala ya rangi tupu, pangewekwa ubao wenye maandishi ya Kiswahili: kazi gani inafanywa, itakwisha mwezi gani, na mwenye swali amwone nani. Tarehe ikibadilika, ifutwe iandikwe nyingine. Ubao wa namna hiyo hauzidi gharama ya bati moja. Hata sisi shuleni, tukifunga choo kwa ukarabati, huwaambia watoto wa darasa la kwanza watumie kipi na mpaka lini, ama sivyo tutaona mambo!

Mwaka huu, bustani ikiwa imekwisha funguliwa, nilipeleka wanafunzi tena. Nitasema kweli, imependeza. Njia zimetengenezwa vizuri, taka hazionekani, na watoto walikimbia mpaka wakachoka. Miche imepandwa, ingawa kivuli chake watakifaidi watoto wa watoto hawa. Nilitafuta wapiga picha wa zamani niliowafahamu kwa sura, nikamwona mmoja tu. Yule mama wa njugu sikumwona.

Kaka sasa anatengeneza simu katika soko la Mwala, na kazi si mbaya sana. Nilimwalika tuandamane, nikamwambia nauli ni yangu. Alisema ana simu tatu za watu za kumaliza. Basi niliwapanga watoto mwenyewe mbele ya ziwa, wafupi mbele na warefu nyuma, nikamwomba dereva wa basi atupige kwa simu yangu. Niliporudi nilimwonyesha kaka. Aliitazama kwa muda mrefu, akaikuza kwa vidole, kisha akaniambia jua lilikuwa nyuma yetu, ndiyo maana nyuso zote ni nyeusi.

Picha hiyo bado iko ndani ya simu. Sijaitia fremu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mwala, Machakos.