Kabla ya Kuhesabu Alama, Wahesabu Watoto

Ukishuka kwenye matatu pale Toll, katika barabara kuu ya Nairobi kwenda Thika, ukaingia ndani hadi Kimbo kabla jua halijapanda, utakutana na msafara mkubwa. Ni watoto wa shule. Mgeni hulijua jina la Kimbo kwa mafuta ya kupikia, lakini sisi wakazi twalijua kwa vumbi, matope, nyumba za kupanga na watoto wengi. Wenye kuchukuliwa mlangoni kwa gari huenda shule za kibinafsi. Waendao kwa miguu, mkubwa akimshika mdogo mkono, wengi wao ni wa shule ya serikali.

Mimi ni mpangaji wa siku nyingi hapa. Miaka ile ya mtihani wa darasa la nane, kila matokeo yalipotangazwa, swali katika vibanda vya chai lilikuwa moja tu: "Shule yetu imepata ngapi?" Wastani ukipungua alama 250 kati ya 500, walimu walikuwa wavivu. Ukizidi, walimu walikuwa hodari. Hakuna aliyeuliza ni watoto gani walioketi katika madawati yale.

Basi tuulize leo. Zamani nchi hii ya Ruiru ilikuwa mashamba makubwa ya kahawa na mkonge. Baada ya Uhuru, mengi yalinunuliwa na wananchi waliochanga fedha zao katika makampuni, yakakatwa viwanja, na juu ya viwanja zikaota nyumba za kupanga. Barabara kuu ilipanuliwa, ikamalizika mwaka 2012, na watu wakazidi kumiminika. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilionyesha mji wa Ruiru una watu 238,858. Ile ya mwaka 2019 ilionyesha 490,120. Miaka kumi tu, na watu wamezidi maradufu! Lakini uwanja wa shule haukui kama mihogo.

Katika darasa moja la Kimbo utamkuta mtoto wa Mkikuyu mwenye kiwanja, wa Mluhya afuaye nguo za watu, wa Mkamba abebaye mawe kwenye mjengo, na wa Mkisii auzaye ndizi. Wakicheza, lugha yao ni Kiswahili. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini baba akikosa kibarua, kodi humshinda, na familia huhama usiku kwenda Githurai au Juja. Mtoto huondoka katikati ya muhula, na mwingine huingia mahali pake bila hati ya kuhamia. Je, ni haki kumpima mwalimu kwa mtoto aliyemfundisha majuma kumi?

Jambo hili si geni nchini. Mwaka 1974 karo iliondolewa kwa darasa la kwanza hadi la nne, na wanafunzi wa shule za msingi wakaongezeka kutoka milioni 1.8 hivi hadi kama milioni 2.8 kwa mwaka mmoja. Kisha shule zikaanza kutoza fedha za ujenzi, na wengi wa maskini wakarudi nyumbani. Mwezi wa Januari 2003, Rais Mwai Kibaki akiwa madarakani, karo iliondolewa tena, safari hii katika madarasa yote manane. Wanafunzi wakapanda kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2. Hata Mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004. Serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka.

Madarasa yalipofurika, wenye uwezo waliwahamisha watoto wao hadi shule za kibinafsi. Shule ya serikali ikabaki na wale ambao zamani hawakuhesabiwa popote. Alama zikishuka hapo, tukasema elimu imeharibika. Kwa kweli, kilichobadilika kwanza ni orodha ya majina.

Tamaa ya wastani nayo huzaa dhambi. Mwaka 2011 jirani yangu, mama afuaye nguo, alikuwa na kijana katika shule moja ambayo sitaitaja. Kijana alirudishwa darasa la saba mara mbili, kwa hofu kwamba angeshusha alama za shule. Mara ya pili hakurudi. Alianza kusukuma mkokoteni wa maji. Mwaka ule wastani ulipanda, na katika mkutano wa wazazi tukapiga makofi. Nami nilipiga. Sikujua bado kwamba kijana wa jirani ndiye aliyelipa.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Shule iwachujayo watoto kisha ijisifu kwa alama, imevuna shamba la nani?

Mwaka 2014 Wizara ya Elimu iliacha kuzipanga shule kwa ubora wa alama. Mtihani wenyewe wa darasa la nane ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na sasa mtoto amalizaye gredi ya sita huendelea hadi sekondari ya chini. Lakini swali la kwenye vibanda halijafa. Nashauri tuongeze mengine: mwalimu mmoja ana watoto wangapi? Walioanza pamoja wamebaki wangapi? Walioondoka wako wapi? Na wangapi wamekuja bila kutia kitu tumboni?

Kijana yule wa maji sasa ni baba. Majuzi alisimamisha mkokoteni wake mbele yangu akaniuliza, "Mzee, shule hii ya karibu ni nzuri? Nataka kumwandikisha wangu." Sikumtajia wastani. Nilimwambia twende pamoja tukaulize kama humngoja mtoto anayechelewa kuelewa.