JE, MZAZI ALIPE KARO ILI MTOTO AKACHEZE?

Mzazi anayempeleka mtoto wake wa miaka 4 shuleni kwa mara ya kwanza huwa na tumaini moja, nalo ni kwamba mtoto huyo atarudi nyumbani akijua kusoma. Basi mzazi akienda kuitazama shule, akawakuta watoto wameketi chini wakipanga vifuu vya nazi, wengine wakimimina maji katika vikopo, na wengine wamejifanya wenye duka, hukunja uso. Hujiuliza moyoni mwake: "Hata mchezo siku hizi hulipiwa karo? Kwani nyumbani hawezi kucheza bure?"

Swali hilo ni la haki, kwa kuwa fedha za mkulima hazipatikani kwa urahisi. Jawabu lake laweza kuonekana katika shule za watoto wadogo ambazo wanavijiji wa Pwani ya Kenya walianza kujijengea katika miaka ya 1980.

ASILI YA SHULE HIZI

Mwanzoni mwa miaka hiyo viongozi wa Kiislamu wa Pwani waliona kwamba watoto wao wengi walikuwa nyuma katika shule za msingi, na kwamba ni wachache tu waliofika katika vyuo vikuu. Wakapeleka shauri lao kwa Aga Khan. Shirika lake liitwalo Aga Khan Foundation likamtwika kazi hiyo Bi Swafiya Said, mwalimu mwenye ujuzi mwingi, ambaye alikaa na mashehe, wazee na akina mama ili apate kujua hasa walikuwa wakitaka nini.

Walitaka mtoto apate elimu ya shule pasipo kupoteza dini yake wala desturi za kwao. Madrasa ilikuwapo karibu kila mtaa, na watu waliiamini. Kwa hiyo mafunzo ya kumtayarisha mtoto kwa shule ya msingi yaliunganishwa na madrasa, na kituo cha kuwafundisha walimu kikawekwa Mombasa. Kazi hiyo ilifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na baada ya muda shule za namna hiyo zikawa zaidi ya 200 katika nchi hizo tatu.

MALI YA WANAKIJIJI

Jambo la kuangaliwa sana ni kwamba kituo cha Mombasa hakikumjengea mtu shule kisha kumkabidhi ufunguo. Wanakijiji walitakiwa kwanza wafanye mkutano, wachague halmashauri yao, na akina mama wawemo katika halmashauri hiyo. Wao ndio waliotoa mahali pa kufundishia, na wao ndio waliowachagua wasichana wa papo hapo kijijini wapelekwe kujifunza ualimu. Kisha mapatano yakaandikwa na kutiwa sahihi, yakionyesha wazi kazi ya kila upande. Kituo kilifundisha walimu, kikawatembelea madarasani, na kikawaonyesha wanahalmashauri namna ya kutunza hesabu za fedha. Shule iliyokwisha kuwa imara ilihesabiwa kuwa imehitimu, nayo ikasimama kwa miguu yake.

Faida ya mpango huu ni rahisi kufahamika. Kitu cha kupewa hakitunzwi kama kitu cha jasho. Mzazi aliyebeba mawe ya ukuta huuliza habari za mwalimu asipofika, na mama aliyemo katika halmashauri hutaka kujua karo ya mwezi imetumiwaje.

KUPANGA, KUTENDA NA KUKUMBUKA

Mafunzo yenyewe yalifuata njia iitwayo HighScope, ambayo asili yake ni mji wa Ypsilanti katika jimbo la Michigan, Marekani. Huko, kuanzia mwaka 1962, watoto 123 wa jamaa maskini waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja likafundishwa katika shule ya watoto wadogo, na jingine halikufundishwa. Wataalamu waliendelea kuwafuata hata walipofikia umri wa miaka 40. Wale waliokuwa wamefundishwa walionekana kupata kazi zaidi kuliko wenzao, na walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache zaidi.

Njia hii ina hatua tatu. Asubuhi mtoto husema atakalofanya, kisha hulifanya, mwisho huwaeleza wenzake alivyofanya na lililomshinda. Kwa kufanya hivyo hujifunza kuwaza kabla ya kutenda, na kutoa habari kwa maneno yaliyopangika.

Chumba hugawanywa pembe mbalimbali. Iko pembe ya nyumba, yenye vyombo vya jikoni. Iko pembe ya kujengea, na iko pembe ya vitabu. Vitu vya kuchezea havinunuliwi mjini kwa fedha nyingi. Huokotwa hapo hapo: vifuu, makombe ya pwani, magunzi ya mahindi, mbegu na vifuniko vya chupa za soda. Nyimbo na hadithi ni za Kiswahili, za kwao watoto.

Sasa na tuangalie mchezo huo una nini ndani yake. Mtoto anayetenga mbegu kubwa na ndogo, kisha akazihesabu, ameanza hesabu. Anayemimina maji kutoka kikopo kidogo hata kikubwa kikajaa, ameanza kujua vipimo. Anayefinyanga udongo anavipa nguvu vidole vitakavyoshika kalamu. Na wale wenye duka hawana budi kusema kwa adabu, kungoja zamu, na kukubaliana juu ya bei. Hakuna mtoto awezaye kuyapata hayo kwa kuimba A, B, C kutwa nzima huku amekunja mikono.

Wala kazi ya mwalimu si kukaa kivulini akitazama. Humwendea kila mtoto na kumwuliza: "Umejuaje kwamba kifuu hiki ni kikubwa kuliko kile?" Swali kama hilo ndilo linalougeuza mchezo kuwa somo, na ndiyo sababu mwalimu hana budi kufundishwa.

Wataalamu walioyapima maendeleo ya watoto 423 wa Kenya, Zanzibar na Uganda walitangaza matokeo yao mwaka 2008. Watoto waliokuwa wamepitia shule yo yote ya watoto wadogo waliwapita wale waliobaki nyumbani, na wale wa shule hizi za madrasa wakawapita wote.

MZIGO ULIOBAKI

Hata hivyo si vema kuficha shida zilizopo. Karo ya shule ya kijiji ni ndogo, na mavuno au uvuvi ukiwa mbaya, wazazi huchelewa kulipa. Anayeumia kwanza ni mwalimu. Mwalimu aliyekwisha fundishwa vizuri akipata mshahara bora mahali pengine huenda zake, na kijiji hubaki na vifuu vyake bila mtu wa kuuliza swali. Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, elimu ya watoto wadogo nchini Kenya imekuwa wajibu wao. Lakini msaada wa kaunti hauiondoi kazi ya mzazi.

Basi mzazi aliyekunja uso mlangoni asiondoke upesi. Na angoje hata saa ya kukumbuka ifike, amsikilize mwanawe akisimama mbele ya wenzake na kueleza jinsi mnara wake wa vifuu ulivyoanguka mara mbili, na alivyoufanya usimame mara ya tatu. Akiisha kusikia, na aende kwa mtunza fedha wa halmashauri akalipe karo ya mwezi, ili mwalimu yule awepo kesho.